Kodi ya Mgeni

Namba ishirini na tatu ilipotoka, zilikuwa zimepita wiki tano tu tangu Mama Pasi aache kuchanga. Ingekuwa mwaka mzima, pengine moyo wake ungetulia. Lakini wiki tano! Kwa miaka sita alikuwa ametoa noti yake ya kumi kila Ijumaa, awe nacho asiwe nacho, na namba ile haikumletea hata senti. Akaja kuumwa jino, akasema ile kumi aitunze kwa ajili ya daktari wa meno, nafasi yake akamwachia mdogo wake. Katika wiki hizo tano alitunza hamsini. Alikosa elfu sitini.

Mchango wenyewe ulikuwa wa wanawake saba waliokuwa wakifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja kubwa, ugenini, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Baadhi yao walikuwa wazawa wa pale, wengine wamekuja kutafuta maisha kama yeye. Tiketi ya bahati nasibu ilikuwa na namba saba, nao walikuwa saba, basi kila mmoja alikuwa na namba yake na haikubadilishwa. Mama Pasi, aliyepewa jina hilo kwa kusimama miaka kumi na moja nyuma ya mashine ya kupigia pasi mashuka, alichagua ishirini na tatu kwa sababu ndiyo tarehe aliyoshuka kwenye ndege. Na utaratibu wao ulikuwa mmoja: anayetoka anamwachia anayeingia nafasi pamoja na namba, kama mtu anavyoacha kabati la nguo na ufunguo wake.

Zilitoka namba sita kati ya saba. Iliyokosa ilikuwa ya msimamizi, lakini yeye ndiye aliyepiga yowe kuliko wote. Aliyasoma matokeo kwenye simu Jumatatu asubuhi, akayasoma tena, kisha akaitupa simu ndani ya kapu la taulo. Laki nne na elfu ishirini! Wenzake wakamkimbilia mdogo mtu, mgeni kuliko wote pale, wakamkumbatia na kumwinua juu. Mama Pasi peke yake hakuondoka mahali pake, kwa maana mashine haikujua habari za bahati nasibu. Mashuka yalikuwa yakitoka na lazima mtu ayapokee.

"Namba ya Mama Pasi imetutoa!" alisema mama wa vikaushio, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia teksi.

"Si yake tena," msimamizi akamsahihisha huku akicheka. "Alishaiacha."

Mama Pasi naye akacheka. Alicheka mpaka jino likauma.

 

Pesa zilikuja baada ya wiki mbili, na zilipokuja zilikuwa za namna tatu. Wazawa walipata elfu sitini zao kamili. Wageni wenye kadi ya ukaazi walikatwa asilimia kumi. Mdogo mtu, aliyejiandikisha kwa pasipoti na kibali cha kazi cha mwaka mmoja mmoja, kampuni ya bahati nasibu ilimhesabu kuwa mpita njia, ikamkata asilimia thelathini juu kwa juu. Elfu kumi na nane zilikwenda kabla hajazitia machoni.

"Kumi tulizochanga kila Ijumaa zilikuwa sawa," mama wa vikaushio alilalamika wakati wa chai. "Mbona wakati wa kuchanga hawakuuliza nani mgeni na nani mwenyeji?"

"Ndiyo sheria," akasema karani wa mishahara, aliyekuwa ameshuka kuchukua karatasi za zamu na aliyependa kukaa akieleza mambo. "Asiye mkaazi wanamkata kwanza, wanaogopa atabeba pesa aondoke. Na usidhani nyumbani kwao hawatamuuliza. Kule nako, ukihesabiwa mkaazi wao, popote ulipopata wanataka chao."

"Sasa mimi ni mkaazi wa wapi?" mdogo mtu aliuliza. "Kule wananiambia nimeshaondoka. Hapa wananiambia sijafika."

Meza nzima ilicheka, hata karani. Mama Pasi alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari. Yeye alikuwa na kadi ya ukaazi, ya kijani, ndani ya mkoba. Ingekuwa yeye angekatwa elfu sita tu, akabaki na hamsini na nne. Alikuwa ameshapiga hesabu hiyo mara nyingi, kwenye basi na bafuni, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Na kusema kweli, habari ya kukatwa elfu kumi na nane ilimburudisha. Hata serikali, alijiambia, imeona kwamba pesa hizo zimeangukia mtu asiye mwenyewe.

Jioni ile mdogo wake alimfuata jikoni na bahasha, akampa kwa mikono miwili.

"Dada, pokea. Hii ni yako."

"Ya nini, jamani? Wewe una mambo yako."

"Pokea tu. Umenikaribisha kwako mwaka na zaidi."

"Ahsante, mdogo wangu. Mungu akuzidishie."

Akaingia chooni, akafunga mlango na kuhesabu. Elfu mbili. Akahesabu tena akitenganisha noti moja moja, maana noti mpya hugandana. Ni elfu mbili. Damu ikampanda usoni. Kwamba amemkaribisha! Ndiyo kusema hizi ni kodi ya kochi la sebuleni, na namba je? Namba haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nusu ingekuwa nyingi, yeye mwenyewe alikuwa tayari kukubali. Lakini robo, watu wazima wangeelewana kwa robo.

Mumewe, fundi wa matairi katika gereji ya mabasi, hakusaidia kitu. Alikuwa mtu wa utani, na utani wake ulipata malisho mapya.

"Bosi wangu shemeji, leo unakula nini?" alisema kila aliporudi. "Bosi, kaa hapa, kiti kile kina misumari."

"Tangu lini mimi nikaitwa bosi humu ndani?" Mama Pasi alimuuliza.

"Na wewe shinda. Nitakuita rais."

Mdogo mtu alicheka akiinamisha uso. Mama Pasi aliona kwamba mumewe, ambaye kwake yeye hakuwa na kicheko tangu bei ya nyumba ipande, kwa shemeji yake kicheko kilikuwa tele. Aliona pia kwamba amenyoa ndevu katikati ya wiki. Pengine hakunyoa kwa sababu yoyote, lakini mwenye wivu huona kila kitu na hakuna kimpitacho bure.

Pesa zile mdogo mtu hakuzichezea. Hakununua hata viatu. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka saba aliyemwachia mama yao, na sheria ya pale ilisema mgeni wa kibali anayetaka kumleta mtoto aonyeshe elfu hamsini benki, kwa jina lake mwenyewe, na awe na vyumba vyake. Vyumba viwili alikuwa ameviona tayari, mtaa wa tatu kutoka pale, na mwenye navyo alikubali kumngoja. Kwa mshahara wa elfu moja na mia nane kwa mwezi, hamsini alikuwa akiiota tu. Sasa alikuwa na arobaini. Zilibaki kumi, na alizitaja zile kumi kila siku, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mgonjwa.

Mama Pasi na mumewe hawakujaliwa mtoto. Kumi na moja ni miaka mingi, na nyumba yao ilikuwa bado ni chumba na sebule. Mdogo wake, aliyekuja juzi, angepata vyumba viwili na mtoto wa kulala katika kimoja. Haya yote kwa namba ishirini na tatu.

 

Barua iliingia Jumamosi asubuhi, bahasha ya kijivu yenye muhuri wa ofisi ya kodi. Barua zote za nyumba ile zilisomwa na Mama Pasi. Mumewe aliijua lugha ya pale kwa kusikia tu, na mdogo wake alikuwa akianza kutamka. Yeye alikuwa amehudhuria masomo ya jioni miaka miwili, tena amefaulu, na kusoma barua kulikuwa cheo chake kimoja ndani ya nyumba. Umeme, bima, onyo la kodi ya pango, vyote vilipita mikononi mwake kwanza.

Mdogo wake aliileta mbio, bado hajafungua, macho yanang'aa.

"Dada, imefika! Nisomee."

Mama Pasi akafuta mikono, akavaa miwani, akafungua kwa kisu. Kurasa tatu. Akasoma ukurasa wa kwanza kimya, na katikati yake akahisi moyo unakwenda kasi. Barua ilisema hivi: mshindi alikatwa asilimia thelathini kwa kuhesabiwa mgeni. Lakini mtu yeyote aliyekaa nchini zaidi ya siku mia moja na themanini na tatu ndani ya mwaka, hata kama ana kibali tu, kwa mambo ya kodi ni mkaazi, na anastahili kukatwa kumi. Ajaze fomu iliyoambatanishwa, mwenye mkataba wa nyumba anayoishi atie sahihi kuthibitisha kwamba anaishi hapo, airudishe ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua. Atarudishiwa elfu kumi na mbili. Siku thelathini zikipita, haki hiyo itakuwa imekwisha.

Elfu kumi na mbili. Hamsini na mbili benki. Mtoto, vyumba viwili.

"Wanasemaje?" mdogo wake aliuliza.

"Wanasema wamekukata elfu kumi na nane."

"Hilo nalijua, dada. Na nini tena?"

Hakuwa amepanga. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye mara nyingi. Alifungua mdomo asome, na mdomo ukasema lake.

"Basi. Ni risiti tu. Uitunze."

"Kurasa tatu zote ni risiti?"

"Serikali hiyo. Hata kukwambia habari za asubuhi wanatumia kurasa tatu."

Mdogo wake alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa akiutazama ukurasa wa tatu, wenye mistari na visanduku.

"Hakuna mahali pa kutia sahihi, dada?"

"Hakuna."

"Labda mwenye nyumba anatakiwa aandike kitu?"

"Si nimekwambia hakuna? Au unataka nikutungie?"

"Haya, dada."

Akakaa kidogo, akiwa ameshika ukingo wa meza. Halafu akachukua vikombe akaenda kuviosha, ingawa vilikuwa visafi.

"Niachie nikuhifadhie," Mama Pasi akamwambia mgongoni. "Wewe utaipoteza."

Akaiweka chini ya mashuka yake, kwenye kabati la chumbani.

 

Siku za mwanzo alijitetea vizuri sana. Hakuiba. Hakuchukua hata ndururu. Pesa zilikuwa serikalini na zimebaki serikalini. Mtu hawezi kusemwa kwa sababu ya kitu ambacho hakukisema. Na mdogo wake ana arobaini, wangapi wana arobaini? Atakaa hapa hapa mwaka mwingine, atazijaza zile kumi kwa jasho, kama watu wengine wanavyofanya. Alisimama nyuma ya mashine yake akijiambia hayo, akiyapokea mashuka ya moto, na mara mbili aliunguza mkono.

Ajabu ni kwamba nyumba ilitulia. Mumewe aliacha mambo ya bosi. Kutoka ile wiki ya barua hakulitamka tena neno hilo, wala hakuchekacheka, alikula akanyamaza. Mama Pasi alifurahi, akasema moyoni kwamba sasa kichaa kimemtoka. Mdogo wake naye hakuzitaja tena zile kumi. Alikuwa na adabu kuliko mwanzo, anaamka anatandika, anapika, anafua. Wakati mwingine walipokuwa wamekaa mezani watatu, wawili wale wangemwangalia kwa pamoja, na yeye angeuliza, "Vipi?" na mumewe angesema, "Hapana, mama. Tunakusikiliza."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo."

Jumanne ya wiki ya mwisho mtoto alipiga simu. Mdogo mtu alikuwa bafuni, ikabidi Mama Pasi aipokee. Uso wa mtoto ulijaa kwenye kioo, meno mawili ya mbele hayapo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama mkubwa, kitanda changu kitakaa upande gani?"

"Kitanda kipi?"

"Cha huko. Bibi amesema wewe ndiye unayejua kusoma barua, kwa hiyo wewe ndiye utakayejua nakuja lini."

Mama Pasi alipeleka simu mbali kidogo na uso wake, akadai mtandao ni mbaya. Mtoto akasema yeye anamwona vizuri tu. Mdogo mtu akatokea na taulo kichwani, akaichukua simu taratibu. "Bado kidogo, mama," akamwambia mwanawe. "Mama anasubiri." Akasema hivyo huku anamwangalia dada yake, wala si kioo.

Usiku ule Mama Pasi alilala vibaya. Wivu ulikuwa haujaondoka, ulikuwa pale pale, lakini sasa haukuwa peke yake. Hii habari ya kusifiwa na mtoto kwa kusoma barua ilimrudia kila alipogeuka kitandani. Jumatano akatoa barua chini ya mashuka, akaitupia jicho tarehe. Siku ya thelathini ilikuwa kesho.

 

Alimwambia msimamizi kwamba anakwenda kwa daktari wa meno. Kwa mara ya kwanza jino lilimfaa kitu.

Ofisi ya kodi ilikuwa ghorofa ya pili, ukumbi wenye viti vya chuma vilivyofungwa sakafuni ili watu wasivisogeze. Akachukua namba ya foleni, akakaa akajaza fomu kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko wake wa masomo ya jioni. Jina la mdogo wake, pasipoti, siku aliyoingia. Mahali pa mwenye mkataba wa nyumba aliandika jina la mumewe, na kwa kuwa hakuwa amempa atie sahihi, aliacha wazi. Angewaambia mumewe yuko kazini, wampe mpaka jioni. Angelia ikibidi. Njiani alikuwa ameshatunga pia maneno ya nyumbani: kwamba barua nyingine imekuja, kwamba ofisi ilikosea mwanzo, kwamba yeye amehangaika kutwa nzima. Mdogo wake angemshukuru. Kwa fikra hiyo akajisikia mwema, hata akamwachia kiti mama mjamzito.

Mtu wa dirishani alikuwa kijana mwenye tai fupi. Aliipokea fomu, akagonga gonga kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Hii ya nini?"

"Ya kurudishiwa. Leo ni siku ya mwisho, najua. Sahihi nitaileta."

"Ombi hili lilishapokelewa."

"Haiwezekani. Fomu ninayo mimi."

"Fomu zinatolewa bure hapo mlangoni, mama. Huyu alikuja mwenyewe." Akasoma. "Jumatatu ijayo zitatimia wiki nne. Nakala ya pasipoti ipo, mkataba wa nyumba upo, sahihi ya mwenye mkataba ipo."

"Mwenye mkataba?"

"Mwanamume. Naye alikuja, alitia sahihi hapa hapa mbele yetu." Akageuza macho kutoka kwenye kompyuta. "Wewe ni nani wake?"

Mama Pasi alifungua mdomo. Nyuma yake mtu akakohoa kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

"Ni dada yake," alisema.

"Basi mwambie pesa zitaingia kabla ya mwisho wa mwezi. Anayefuata!"

 

Aliwakuta wote wawili sebuleni, saa kumi jioni, mapema kuliko kawaida yao. Mumewe alikuwa bado na nguo za gereji, mafuta meusi kwenye viwiko. Mama Pasi hakusalimia. Aibu ilikuwa imempanda njia nzima, na ilipofika mlangoni ikageuka hasira, maana hasira ni rahisi zaidi kuingia nayo ndani.

"Kumbe mna mambo yenu!" alisema. "Mwezi mzima! Mnatoka mnakwenda maofisini wawili wawili, mimi hapa napikiwa, natazamwa kama mjinga! Na wewe," akamgeukia mumewe, "sasa nimeelewa ndevu ulikuwa unamnyolea nani."

"Mama, usitafute kosa pengine," mumewe alisema. Hakupandisha sauti. "Kosa liko mkobani mwako."

Mkoba ulikuwa begani, na ndani yake barua.

"Ile Jumamosi alinifuata gereji," mumewe aliendelea. "Analia, wenzangu wanaangalia. Karani wa mishahara alikuwa ameshamwambia huko kazini kwamba barua itakuja na fomu, na kwamba mwenye nyumba atatia sahihi. Alikuletea barua akiwa anajua nusu yake. Wewe ukamwambia ni risiti."

"Mbona hukuniuliza? Mume wangu wewe!"

"Nilitaka. Nilitaka nije siku ile ile tuelewane. Huyu akakataa. Akasema, shemeji, mwache, dada atasema mwenyewe. Kesho atasema. Kesho kutwa. Basi tukawa tunakaa mezani tunangoja."

"Wiki nne mnaniangalia!"

"Wiki nne tunakusubiri."

Mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye kochi lake, mikono mapajani. Mama Pasi akaona, kwa mara ya kwanza, kwamba mfuko mkubwa wa nguo ulikuwa umefungwa na kusimamishwa karibu na mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Ile nyumba ya vyumba viwili. Nimelipa nusu, nyingine wamenikubalia mwisho wa mwezi. Nilisema nitaondoka leo jioni, siku ya mwisho ikishapita."

"Nimekwenda," Mama Pasi akasema haraka. Akafungua mkoba, akatoa fomu, akaiweka mezani. "Tazama. Nimekwenda leo kuijaza. Nimekaa kwenye foleni saa tatu nzima. Uliza ofisini."

Mdogo wake aliichukua. Akautazama mwandiko mzuri wa dada yake, akapitisha kidole juu ya jina lake mwenyewe ambalo alijua kulisoma.

"Nimeona," alisema. "Na asubuhi nilikuona ukiitia barua mkobani, nikajua unakwenda. Ndiyo maana nimekaa nikuage. Ungekuwa hukwenda, ungekuta funguo tu."

"Ilikuwa namba yangu," Mama Pasi alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Miaka sita. Mngenikumbuka hata kidogo. Ukanipa elfu mbili za kochi."

"Sikujua nikwambieje kuhusu namba. Kila nikitaka kuitaja nakuona uso wako. Na elfu mbili, dada, nilizitoa kwenye hamsini za mtoto. Nilikuwa nimepungukiwa, nikazitoa hivyo hivyo, kwa sababu sikuweza kupata kitu nikile peke yangu ndani ya nyumba yako."

Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki, inakohoa, inazima. Mama Pasi akakaa kwenye kiti cha karibu, mkoba mapajani. Alitaka mdogo wake amtukane. Akitukanwa angejua pa kushika, angejibu, angeyakumbusha ya tiketi ya ndege na ya ile baridi ya mwaka wa kwanza, wangelia wote wawili na mambo yangelingana.

"Nisamehe," alisema.

"Nimeshakusamehe, dada."

"Sema kweli."

"Kweli. Nilikusamehe zamani, wiki ile ya pili. Nilichoka kukasirika, nina kazi nyingi." Akasimama, akavuta mfuko wake. "Ila barua zangu nitazisoma mwenyewe. Nimejiandikisha masomo ya jioni."

Mumewe akabeba mfuko. Mdogo mtu akamwinamia dada yake, akambusu paji la uso, akasema Jumapili angekuja wapike pamoja, na ilionekana wazi kwamba angekuja. Hakukuwa na kinyongo popote usoni mwake. Mama Pasi alitafuta kwa makini, kwa sababu angekiona angepumua. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajamsamehe msimamizi kwa maneno mawili ya kicheko ya Jumatatu ile, hajamsamehe mama yao kwa mambo ya utotoni, na hata sasa, akimwangalia mdogo wake anatoka na sauti za viatu vyao wawili zinashuka ngazi, alijua kwamba zile elfu sitini hatamsamehe maisha. Mwenzake ana pesa, ana vyumba, ana mtoto anayekuja. Na huo moyo wa kusamehe wiki ya pili, ameupata wapi? Mama Pasi akabaki ameketi peke yake sebuleni, akauonea wivu nao pia.